Wiki tano kabla ya mashindano ya Street Fighter 6, natumia Zangief peke yake: nigawe vipi muda?

Mzunguko360 (mwenye uzi)

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa kiufundi. Mashindano ni ya Street Fighter 6 (gemu ya kupigana ana kwa ana) kwenye PS5, washiriki 32, unatoka ukipoteza mechi mbili. Mechi za awali ni anayewahi kushinda gemu mbili, kuanzia nane bora ni anayewahi tatu. Natumia Zangief tu (mpiga mieleka anayetegemea mishiko ya karibu), vidhibiti vya Classic (kila pigo unaliingiza mwenyewe kwa mkono), padi ya DualSense. Muda ni saa mbili kila jioni.

Mambo yanayonisumbua ni haya: mpinzani akionja Screw Piledriver (SPD, mshiko wa Zangief wa kuzungusha) mara moja anaanza kurukaruka, na hapo sina jibu. Guile na JP, wahusika wa kupigania mbali, wananiweka mbali raundi nzima. Nikibanwa konani (ukingoni mwa uwanja) nakula Drive Impact, lile pigo zito linalovumilia mapigo, kila mara. Je, nijifunze mhusika wa pili kwa ajili ya warusha makombora, au nibaki na huyu?

---

KitufeKizito

Baki naye. Wiki tano hazitoshi kumfikisha mhusika wa pili mahali pa kumtegemea ukiwa na presha. Unachoweza kupata ni mtu anayejua kombo mbili na hajui afanye nini akibanwa. Halafu angalia kanuni: kwa kawaida aliyeshinda gemu habadilishi mhusika, aliyeshindwa anaruhusiwa. Kwa hiyo mpinzani akishapoteza anaweza kukuletea Guile wa dharura. Guile wa dharura si Guile wa mtu anayemtumia kila siku, na wewe ukiwa umejiandaa vizuri kwa Guile unafaidika pale pale.

Faida moja ya Zangief ambayo watu hawaitaji: yumo kati ya wahusika 18 wa mwanzo wa mwaka 2023. Wahusika walioongezwa baadaye wanategemea kama mashine ya ukumbini imewanunua. Wewe hilo halikuhusu.

Kuhusu kurukaruka, tatizo haliko kwenye kuruka kwake. Liko kwenye mpangilio wako wa uamuzi. SPD hushindwa na vitu vichache tu: kuruka, kurudi nyuma kwa kasi, pigo lenye kinga (lisilogusika linapoanza), au kitufe chepesi kilichowahi. Mshiko unaanza kwa fremu 5 (sekunde moja ni fremu 60), vitufe vyepesi vya haraka kabisa kwenye gemu hii ni fremu 4. Sasa pigo la kawaida lililopimwa vizuri, linalomkuta anapoinuka tu, linamnasa anayetaka kuruka kabla miguu haijaondoka chini, na linamnasa anayerudi nyuma, kwa sababu kurudi nyuma kuna kinga dhidi ya mishiko mwanzoni lakini hakuna kinga dhidi ya mapigo. Kwa hiyo ukiona ameruka mara moja, zamu inayofuata USISHIKE. Piga.

Ukichelewa na ameshapaa, una Lariat (anazunguka mikono ikiwa imenyooshwa), na ukiwa na geji ya Super una Aerial Russian Slam ambayo inamnasa akiwa hewani. Hii ya pili wengi wa Zangief huisahau kwa sababu wanatunza geji yote kwa ajili ya Bolshoi Storm Buster, mshiko wake mkubwa kuliko yote. Geji unayokufa nayo haikusaidii kitu.

---

FremuKwaFremu

Naongezea kwa KitufeKizito namna ya kulifanyia zoezi, maana kulijua na kulifanya ni vitu viwili.

Ingia chumba cha mazoezi, mrekodi sanamu (mpinzani wa mazoezi) mambo matatu akiwa anainuka: la kwanza azuie tu, la pili aruke wima, la tatu arudi nyuma kwa kasi. Washa yote matatu yachezwe bila mpangilio. Kazi yako si kubahatisha. Kazi yako ni kuchagua KABLA hajainuka, pigo au mshiko, halafu kuona matokeo na kufuatilia. Ukichagua mshiko naye akaruka, utaona Zangief anakumbatia hewa kwa muda mrefu. Hapo anakupiga kombo nzima, na ndiyo bei ya kushika ovyo. Dakika 20 kila jioni kwa wiki mbili za kwanza, usizidishe.

SPD yenyewe: iingize ndani ya kitu kingine. Bonyeza ngumi nyepesi, na wakati mkono wa Zangief bado uko nje zungusha nyuma, chini, mbele, juu, ngumi ikutane na juu. Ikitokea anaruka badala ya kushika, fungua historia ya vitufe upande wa skrini. Inaonyesha kila mwelekeo umekaa fremu ngapi. Karibu kila mara utakuta juu imeingia na ngumi imefuata fremu kadhaa baadaye, au ulimaliza mzunguko wakati ngumi nyepesi imeshaisha na miguu iko huru kuruka. Fanya 10 mfululizo upande wa kushoto, kisha 10 kulia. Ukikosea ya nane anza upya. Na tofautisha nguvu: SPD ya ngumi nyepesi inafika mbali zaidi, ya ngumi nzito inaumiza zaidi. Wengi wanabonyeza nzito kwa mazoea na kukosa kwa umbali wa kidole.

---

Mnara_wa_Kona

Mimi sikubaliani kabisa na hilo la mhusika wa pili. Kama ukumbini kuna watu watatu wanne wa Guile, JP na Dhalsim na mwenye uzi anajua hivyo, kuna hoja ya kuwa na mtu wa akiba.

---

KitufeKizito

Hoja ipo kama angekuwa na miezi sita. Kwa saa 70 alizonazo, kila saa anayompa mhusika mwingine inatoka kwenye mechi ya Guile, ambayo ndiyo anayoiogopa.

---

Mnara_wa_Kona

Haya, tuiache. Twende kwenye makombora.

Kosa kubwa dhidi ya Guile ni kuruka juu ya Sonic Boom, kombora lake. Anapona haraka mno baada ya kurusha, ukiruka unamkuta ameshasimama anakungoja. Tembea mbele, tumia Drive Parry (kinga maalumu ya kumeza mapigo) kombora linapokaribia, tembea tena. Kila kombora unalolizuia kwa parry linakurudishia Drive (geji ya vipande 6) badala ya kukupunguzia, kwa hiyo muda uko upande wako kuliko unavyojisikia. Kinachokuua ni kushikilia parry kwa hofu: inakula geji ya Drive, na Guile akitembea nyuma ya Sonic Boom ya polepole anakuja kukushika ukiwa ndani ya parry, na mshiko dhidi ya parry unaumiza zaidi ya kawaida. Bonyeza, achia.

Angalia pia miguu yake. Guile anachaji akiwa ameshika nyuma. Akianza kutembea mbele, Sonic Boom haipo mpaka achaji tena. Hapo ndipo pa Drive Rush (kukimbia mbele kwa kasi), ambayo kutoka kwenye parry inagharimu kipande 1 kati ya 6. Usiitumie kupenya kombora, haina kinga yoyote. Lengo la raundi ya kwanza lisiwe kumshika. Liwe kumsogeza mpaka kona iwe mgongoni kwake. Guile akiwa konani ni mtu mwingine kabisa.

JP ni tofauti. Miiba yake ya Triglav inatokea chini kwa umbali tatu kulingana na nguvu ya kitufe, naye anabahatisha umbali wako. Ukitembea kwa mwendo uleule bila kusita unamrahisishia. Piga hatua mbili, simama, nusu hatua, ingia. Cha muhimu kuliko vyote: usitumie Drive yote kumfikia. Ukifika ukiwa na kipande kimoja, amekushinda hata kama mmegusana mabega.

---

Mzunguko360

Hapo kwenye kutumia Drive yote mmenigusa, ndivyo ninavyofika. Na Drive Impact konani? Naiona inakuja, nachelewa.

---

FremuKwaFremu

Drive Impact inaanza kwa fremu 26, yaani kama sekunde 0.43. Kwa macho inatosha. Huchelewi kwa sababu macho ni mazito, unachelewa kwa sababu tayari umebonyeza kitufe kisichoweza kukatishwa katikati kwa pigo jingine. Drive Impact inamezea mapigo mawili. Ukiwa katikati ya ngumi ndefu ya Zangief isiyokatishwa, huna la kufanya hata ukiona mapema. Kwa hiyo dawa ni uchaguzi wa vitufe: ukiwa na kona mgongoni, tumia vifupi, na baada ya kila viwili simama uangalie.

Jibu la kwanza ni Drive Impact yako mwenyewe. Inayotoka baadaye ndiyo inayoshinda. La pili ni la Zangief: kinga ya Drive Impact haizuii mishiko, akiwa karibu mpe SPD kabla pigo halijafika. Mrekodi sanamu Drive Impact, mshiko wa kawaida, na pigo la chini, changanya, jibu mara 30. Ukijibu sahihi 24 endelea na jambo jingine.

Usimezwe na Burnout pia. Geji ya Drive ikiisha, kila pigo unalozuia linampa mpinzani fremu 4 za ziada, huna parry wala Drive Impact, na yake ikikubana ukutani unapata kizunguzungu. Ikitokea kinyume, yeye ndiye yuko Burnout, hana Drive Reversal (pigo la kujinasua akiwa anazuia) ya kukusukuma. Huo ndio muda wa ngumi nyepesi halafu SPD, tena na tena, mpaka aruke. Akiruka unajua la kufanya.

---

WayaMrefu

Nyote mmezungumzia gemu, hakuna aliyezungumzia vifaa. Mtu anaweza kupoteza gemu nzima hapa bila kupigana.

Beba DualSense yako na waya wa USB-C wa mita 2 au 3. Isiyo na waya inaleta balaa: padi ya aliyetoka inabaki imeunganishwa, mfukoni inabonyezwa, mechi inasimama. Ukimaliza mechi zima yako kwa kushikilia kitufe cha PS sekunde 10 hivi. Padi ya PS4 ya kawaida usiitegemee kwa gemu ya toleo la PS5.

Kabla ya raundi ya kwanza fungua mpangilio wa vitufe, bonyeza kimoja kimoja. Aliyekutangulia huenda aliweka parry ulipo mshiko. Picha ya mpangilio wako ikae kwenye simu. Uliza pia mapema kama televisheni zimewekwa hali ya gemu, inayopunguza ucheleweshaji wa picha. Kama la, kila kitu hapo juu kuhusu fremu 26 kinakuwa kigumu zaidi.

Msalaba wa DualSense una vitufe vinne vilivyotengana, na mizunguko mingi inachubua kidole gumba. Jioni usizidishe dakika 40 mfululizo za SPD. Kidole kikichubuka wiki ya mashindano hakuna plasta itakayokusaidia, inateleza.

Na mechi za mtandaoni dhidi ya watu wa Ulaya zisikupe vipimo vya kupiga mtu aliyeruka. Kwa umbali huo picha inaruka fremu, Lariat yako inachelewa bila kosa lako. Tafuta mtu wa kukaa naye sebuleni walau mara mbili kwa wiki.

---

Mzunguko360

Shukrani wakuu. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo: kuinuka na SPD. Mbili za kati: Guile, JP, Drive Impact. Siku tatu za mwisho nifanye nini?

---

KitufeKizito

Wiki ya tano cheza gemu za watu tu, za kuwahi mbili kama ukumbini, na kati ya gemu simama dakika moja useme kwa sauti alichofanya baada ya SPD ya kwanza: aliruka, alirudi nyuma, au alibonyeza. Siku tatu za mwisho usijifunze kitu kipya hata kimoja. Omba orodha ya washiriki, andika nani anatumia nani, na kwa kila mmoja andika mstari mmoja tu. Mfano wa Guile: "parry fupi, kona, kisha mshiko." Ukizidi mstari mmoja hutausoma ukiwa umekaa kwenye kiti.

---

WayaMrefu

Na kitambaa kikavu. Viganja vinatoka jasho.