Nataka kuomba Uzamili wa Kiswahili, GPA 3.1, niko Kigoma. Nianzie wapi?

Mwalimu_wa_Mwambao

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kigoma, nafundisha Kiswahili na Historia. Shahada ya kwanza nilimaliza 2016 kwa GPA ya 3.1. Nataka kuomba uzamili pale Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, dirisha la maombi likifunguliwa.

Jamaa mmoja hapa ofisi ya walimu ananiambia chini ya 3.5 nisijisumbue, eti fomu inaishia kapuni. Halafu kuna suala la wadhamini wa kitaaluma. Aliyenisimamia utafiti wangu wa mwaka wa tatu ameshastaafu, na darasani tulikuwa mamia, wahadhiri wengine hawawezi kunijua hata nikipita mbele yao nimevaa joho.

Mada nayo nimeandika hii: "Athari za Kiha katika ujifunzaji wa Kiswahili kwa wanafunzi wa sekondari". Mimi naiona imekaa vizuri. Mke wangu, ambaye anauza vitenge na si mtu wa lugha, kaisoma akaniuliza, "Sasa hapo jibu hulijui?" Nimekosa la kumwambia mpaka leo.

Ruhusa ya mwajiri bado sijaigusa. Na Bodi ya Mikopo wanaendelea kukata ile 15% yao ya mshahara, kwa hiyo ada itakuwa ya kuungaunga. Naomba msaada wenu.

Mzee_wa_Faili

Marahaba mwalimu. Nikujibu la ruhusa tu, mengine wapo wenyewe.

Usisubiri barua ya udahili ndipo umwambie mkuu wa shule. Mafunzo ya watumishi yanapangwa na bajeti, na mwaka wa fedha unaanza Julai. Kama jina lako halimo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, barua yako itazunguka meza kwa meza. Mwandikie mkurugenzi sasa hivi, U.F.S. (yaani kupitia kwa) afisa elimu sekondari, U.F.S. mkuu wa shule. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, ukaitunze nyumbani.

Usije ukaondoka kwa ile kauli ya "we nenda tu, tutaweka sawa". Zaidi ya siku tano bila ruhusa ni utoro kazini, unaweza kufukuzwa, na huyo aliyekwambia nenda siku hiyo hatakumbuka kama mliwahi kuonana.

Binti_Tasnifu

Mwalimu, huyo jamaa wa 3.5 mnunulie soda apumzike. Daraja la pili la chini linaanzia 2.7 hadi 3.4, na hiyo 2.7 ndiyo sharti la kawaida la kuingilia uzamili. Umo. Ila kwa 3.1, vitu vingine kwenye maombi yako vitasomwa kwa jicho kali zaidi. Itazame transkripti yako: kama kozi za Kiswahili ulipata B+ na zilizokuangusha ni nyingine, liseme hilo kwenye maelezo yako kwa sentensi moja. Moja tu, usianze kueleza ugonjwa wa bibi.

Wadhamini: mstaafu anaruhusiwa kuandika, tena ana nafasi kuliko walioko kazini. Mtu aliyesoma kazi yako ukurasa kwa ukurasa atakufaa kuliko profesa mwenye jina kubwa atakayeandika "alikuwa mwanafunzi mzuri, mwenye adabu". Mtafute mapema, mpelekee transkripti, kichwa cha ule utafiti wako, andiko lako jipya na tarehe ya mwisho. Ukimpigia zimebaki siku mbili, utapata barua ya siku mbili.

Sasa mada. Mkeo kakusaidia kuliko sisi wote. Ingia maktaba yoyote ya chuo uone hizo "athari za" zilivyojipanga: athari za Kisukuma, za Kihaya, za Kinyakyusa. Wanabadilisha jina la lugha, hitimisho linabaki lilelile.

Na wewe unakaa Kigoma! Shuka Kibirizi. Pale kuna Waha, Wabembe, Warundi na watu wa Kongo, wote kwenye dagaa na migebuka, na wanaelewana kwa Kiswahili ambacho hakimo kwenye vitabu vyako vya Kidato cha Tatu. Karabai za kuvulia dagaa zinapopisha taa za betri na sola, maneno gani yanakufa na yapi yanazaliwa? Kwenye kupatana bei, nani anahamia lugha ya nani? Hayo jibu lake hulijui, wala mimi silijui, na aliyeko Dar atahitaji nauli na posho ili aanze tu kuuliza. Tena mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana taa haivuti samaki kukiwa kweupe. Hizo ndizo siku zako za kukaa nao na kinasa sauti.

Amua mapema kama unakusanya msamiati au unafanya isimujamii (jinsi watu wanavyotumia lugha katika jamii), usitake vyote. Na tafuta maneno kadhaa ya pale ambayo hayamo kwenye kamusi za TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), uyaweke ukurasa wa kwanza wa andiko dhana, yaani muhtasari wa wazo lako la utafiti. TATAKI ndiyo iliyorithi TUKI tangu 2009, kwa hiyo watu wa kamusi utawakuta.

Ukichagua uzamili wa kozi na tasnifu, pendekezo kamili la utafiti litakuja baadaye, kwa hiyo usijiue sasa. Wa tasnifu tupu ndio andiko linawatangulia, kwa sababu idara inaangalia kama ina mtu wa kuwasimamia.

Nipo_Huria

Mbona hamumwambii habari ya Chuo Kikuu Huria? Kituo kipo hapohapo Kigoma, uzamili wa Kiswahili wanao, na kazi huachi. Kwa mtu anayekatwa 15% hilo si jambo dogo. Kasoro yake ni kwamba hakuna anayekuamsha. Mimi nasoma saa kumi alfajiri, maana mchana ni madaftari na usiku ni watoto.

Mwalimu_wa_Mwambao

Asanteni sana. Dada Binti, hilo la Kibirizi limeniingia. Barua ya mkurugenzi naipeleka Jumatatu, na Huria nitapita kuulizia ada nilinganishe. Ila wavuvi wale wakimwona mtu na karatasi wanadhani ni wa kodi. Nitawaingiaje?

Binti_Tasnifu

Ukishadahiliwa, chuo kitakupa barua ya kibali cha utafiti kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, nayo itashuka mpaka wilayani. Kwa sasa huhitaji kuandika chochote. Kamsalimie mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo), nunua dagaa, ukae usikilize. Daftari liache nyumbani, na usivae shati la kazini. Ukishayapata hayo maneno leta rasimu hapa, tuichanechane.