Nimepigwa laki tatu na nusu kwa chujio la hewa, na vumbi la Mlole bado tunalila

Wakuu, heshima kwenu. Naandika na hasira, mnivumilie.

Nakaa Mlole, kule juu mlimani. Watu wa Kigoma mnakijua kiangazi chetu: bodaboda ikipita tu, nyumba inageuka nyekundu. Jioni upepo wa ziwani unatupandishia moshi wote wa takataka zinazochomwa huko chini. Mwanangu wa pili ana pumu. Chumbani kwake kuna feni ya ukutani ya kuingiza hewa, yenye chujio la sponji. Lile linazuia nzi na manyoya ya kuku, basi. Nikaamua niweke HEPA, lile chujio zito la kunasa hata vumbi laini kabisa.

Fundi mmoja wa mjini (simtaji, mods wasije wakafuta uzi) akaniapia, "Hii HEPA yenyewe, kaka." Laki tatu na nusu, chujio na ufundi. Boksi nimekuja kulisoma baadaye: eti "aina ya" HEPA! HEPA halisi inanasa 99.97% ya chembe za maikroni 0.3, ndogo hata jicho halizioni. Boksi hili halina hata namba moja.

Wiki ya tatu nikalitoa chujio. Jeupe pee, kama kanzu ya Idi. Nikafurahi kijinga. Halafu nikapitisha kidole kwenye mapanga ya feni: udongo mtupu. Nikachana kipande cha tishu, feni ikizunguka, nikakisogeza pembeni ya fremu. Kikafyonzwa chote! Kumbe chujio ni dogo kuliko fremu, na pengo kaliziba kwa kipande cha boksi la biskuti.

Na hata lingeenea, feni ile ni ya kutumia chujio jepesi la sponji, haina nguvu ya kuvuta hewa kwenye chujio zito namna ile. Hewa inatafuta upenyo. Jamaa hakupima feni, hakupima fremu, alichopima ni mfuko wangu.

Nimemrudia, ananionyesha kibao: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Tena akataka kuniuzia mashine ya ozoni "inayoua vumbi". Ozoni, kwa mtoto wa pumu! Gesi yenyewe inaunguza mapafu.

Mtakaokuja kuniambia nifungue dirisha, karibuni Mlole saa kumi na moja jioni, chai ipo. Anayejua wapi hapa Kigoma nitapata feni yenye nguvu na mpira wa kuziba fremu, aje PM. Yule fundi kesho asubuhi nampelekea boksi lake la biskuti.