Naomba ushauri: mto uachiwe maji kiasi gani?

Habari wakuu, nakadiria maji ya kubaki mtoni kabla ya kuchota ya umwagiliaji, nimeanza na njia ya Tennant ya 1976, ile ya asilimia, ukiacha 10% ya wastani wa mtiririko wa mwaka viumbe wanaponea chupuchupu tu, 30% afadhali. Sasa jamaa aliitoa kwenye mito ya Marekani, na wangu unategemea mafuriko ya msimu samaki wapate kuzaliana, halafu kule mlangoni, mto unapoingia baharini, maji yakipungua kiangazi chumvi inapanda juu ya mto, kamba wachanga wanaumia. Asilimia haigusi hayo kabisa!! Naelekea ile njia ya Afrika Kusini (Building Block Methodology) ya kupanga mtiririko kipande kwa kipande, lakini data zangu zina mapengo. Mliowahi kuifanya, chumvi mlipima miezi ipi, na mapengo mliyazibaje?