Chaneli za bure zikifa, mama zetu wataangalia nini?

Mwana_Igoma:
Wakuu habari za jioni. Bimkubwa yupo Kisesa huku Mwanza, ana TV yake ndogo, antena tumeifunga kwenye mlingoti nyuma ya jiko, taarifa ya habari ya saa mbili usiku haimpiti na majirani wanajaa sebuleni. Sasa mdogo wangu kamletea TV ya intaneti, anasema antena ing'olewe imepitwa na wakati. Juzi kaiwasha, habari haijafika nusu kaduara kakaanza kuzunguka, bando limekata. Mama akaniuliza, "mwanangu, habari za nchi nazo siku hizi tunanunua?" Nilikosa jibu. Watu wanahamia mtandaoni, matangazo ya biashara nayo yanawafuata hukohuko, naogopa vituo vitafika mahali vizime mitambo. Tufanyeje?

fundi_nyakato:
Antena using'oe mkuu. Na hiyo TV mpya icheki, nyingi za flat zina T2 ndani, yaani kipokezi cha kukamata chaneli za antena za kidijitali, chomeka waya wa antena uskani (utafute chaneli) kwanza uone inakamata nini. Huku kwetu kwenye mawe, nyumba ikikaa nyuma ya mwamba kama Mabatini unainua mlingoti, busta (kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi) baadaye. Watu wananunua busta wakati konekta imeota kutu tu.

dagaa_kirumba:
Mnara ukishawaka, waangalie watu kumi au laki moja gharama ya kurusha ni ileile, mtandaoni kila mmoja anavuta MB zake. Septemba 2018 MV Nyerere ilipozama pale Ukara tulijazana kwenye TV moja ya mama ntilie, ndugu zetu wengine wapo visiwani, simu haziingii, na asiye na bando alipata habari sawasawa na mwenye nalo. Hicho kitu mimi sitaki kipotee kabisa.

Baba Neema:
Walipozima analojia, ile mitambo ya TV ya zamani, hapa Mwanza 2013 tuliambiwa chaneli za kitaifa zitabaki bure, kifurushi kiishe kisiishe. Kwangu king'amuzi kiliwahi kukata mpaka hizo, nikapiga huduma kwa wateja mara tatu ndo zikarudi. Kwahiyo zikikatwa msikae kimya, pigeni, wakizingua nendeni TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano. Halafu kuna hili la masafa, yaani njia za mawimbi ya kurushia, kampuni za simu duniani zinayataka ya TV. Mkutano wa dunia wa kugawa masafa, Dubai 2023, kwa huku Afrika uliacha TV iendelee kuwa mwenye nyumba, yaani mwenye kipaumbele, kwenye 470 hadi 694 MHz, ila mjadala unarudi 2031, na tukiwa tumeshang'oa antena wote nani atasema bado tunayahitaji?

Mwana_Igoma:
Asanteni sana wakuu, antena inabaki. Jumamosi naenda Kisesa. Fundi, nikikuta konekta ina kutu waya nakata kiasi gani?

fundi_nyakato:
Kata mpaka uone shaba inang'aa, weka konekta mpya, zungushia solatepu mvua isiingie. Halafu mtu mmoja abaki ndani anaangalia picha wakati wewe unageuza antena.