Amri ya majaribio ndani ya setup.py: ibaki au iondolewe?

Swali, kutoka Kisumu
Habari zenu wenzangu. Ninatunza pakiti ndogo ya Python inayosoma risiti za mizani ya miwa kutoka Muhoroni na kujumlisha uzito wa kila mkulima. Tumezoea kuita amri ya setup.py (faili la usanidi wa pakiti) kwa kuandika python setup.py test, nayo hupakua vilivyotajwa kwenye tests_require (orodha ya vinavyohitajiwa na majaribio) kisha huendesha majaribio yote. Katika kompyuta mpya yenye setuptools (zana ya kufungasha pakiti za Python) ya karibuni amri hiyo imekataa, ilhali katika ile ya zamani inatoa onyo tu. Je, nilifungie toleo la zamani, au niandike amri yangu kupitia cmdclass (sehemu ya setup.py ya kuongeza amri)?

Jibu, kutoka Nakuru
Usilifungie, ndugu yangu. Onyo hilo limekuwapo tangu toleo la 41.5.0 la setuptools, mwaka 2019. Toleo la 72.0.0 la Julai 2024 liliiondoa amri yenyewe, na kwa kuwa pakiti nyingi zilikuwa bado zinaiagiza ndani ya skripti zao za usanidi, hata kusakinishwa zikashindwa, ikabidi irudishwe upesi katika 72.1.0. Kilichorudi ni ganda tu: pakiti itasakinishwa, lakini ukiiita test utapata kosa. Isitoshe, kabla ya toleo la 42.0.0, tests_require ilipitia easy_install (kisakinishi cha zamani) badala ya pip (kisakinishi cha kawaida cha Python), kwa hiyo mipangilio yako ya pip haikuzingatiwa. Hamishia orodha hiyo kwenye extras_require (orodha za mahitaji ya hiari) kwa jina la test, kisha sakinisha na uendeshe majaribio kwa zana ya pytest:

pip install -e ".[test]"
pytest

Jibu, kutoka Kakamega
Njia ya cmdclass bado inawezekana, ingawa mimi nisingejisumbua nayo. Ukiishika, hakikisha kwamba mbinu ya run ya amri yako inapeleka matokeo ya pytest.main kwa sys.exit, la sivyo programu itamaliza kwa sifuri hata majaribio yakianguka, na seva inayoendesha majaribio kiotomatiki itaipitisha kazi mbovu.

Muulizaji
Ahsanteni. Nimehamisha orodha, lakini pytest haioni faili la majaribio_mizani.py, ambalo amri ya zamani ililiona.

Jibu, kutoka Nakuru
Amri ya zamani ilipitia kila moduli iliyomo ndani ya pakiti ya majaribio, bali pytest hutafuta majina yanayoanza na test_ au kuishia na _test.py. Andika hivi katika pyproject.toml (faili la mipangilio ya mradi), na usiusahau ule mtindo wa kwanza, kwa maana mpangilio huu hufuta ule wa kawaida:

[tool.pytest.ini_options]
python_files = ["test_*.py", "majaribio_*.py"]

Majina ya mbinu zenyewe yaendelee kuanza na test.