Mrejesho: taa ya gari iliyokuwa ikiingia maji

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza kwa nini taa ya kushoto ya gari yangu inajaa ukungu ndani kila mvua ya masika ikinyesha hapa Wete, Pemba. Mlioniambia nitazame kifuniko cha mpira nyuma ya balbu, Mungu akulipeni: kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nimeing'oa taa, nikaianika siku mbili, nikatia kifuniko kipya. Fundi alitaka kuziba kila tundu kwa silikoni. Nilikataa, maana taa ina kijibomba cha kupumulia, nacho kikizibwa, unyevu wa ndani unakosa pa kutokea. Kijibomba hicho nilikikuta kimejaa udongo, nikakizibua. Jana nimeimwagia maji robo saa nzima, ndani kukavu! Usiku njia ya Chake Chake sasa naiona yote.