MREJESHO: Bunduki za Breda-SAFAT 12.7 za ndege ya Macchi C.202 kwenye mchezo wa War Thunder

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini Breda-SAFAT (bunduki za rashasha za Kiitaliano) mbili za milimita 12.7 kwenye pua ya C.202, ndege ya kivita ya Italia ya Vita Kuu ya Pili, zinamwaga risasi na adui haanguki. Asanteni sana wote mliojibu.

Ushauri uliozaa matunda zaidi ni wa umbali. Risasi ya Breda ni 12.7×81 (ganda lake lina urefu wa milimita 81), fupi kuliko ya bunduki ya Browning ya Wamarekani, na inatoka kwa takriban mita 760 kwa sekunde, kwa hiyo ikienda mbali inachoka na kushuka haraka. Tena inapita katikati ya mapanga ya propela, bunduki inabidi isubiri panga lipite, na hapo kasi ya kufyatua hushuka kutoka risasi 700 hivi hadi karibu 575 kwa dakika. Sasa nafyatua ndani ya mita 300 tu, ikiwezekana 200, nikilenga mbele zaidi ya nilivyozoea.

Pili, mkanda wenye risasi nyingi za kulipuka. Spitfire (ndege ya kivita ya Waingereza) ikila mpigo mmoja mzuri kwenye bawa, inakata kona kwa shida na unaimaliza taratibu.

Kubadili umbali wa makutano (pale risasi za bunduki zote zinapokutana mbele ya ndege) hakukuleta tofauti ya maana, maana bunduki zimekaa karibu karibu puani. Kunazifaa zaidi zile bunduki za milimita 7.7 za mabawani.

Kwa B-17, ndege kubwa ya mabomu ya Wamarekani, bado ngoma nzito. Ukishikilia kitufe, bunduki zinapata moto na kukwama, huku wapiga rashasha wake wanakuchambua. Mipigo mifupi ya sekunde moja imezuia kukwama, lakini kuiangusha peke yako bado. Nawaachia wenye ndege za mizinga ya milimita 20.